Kabla hujalipia kiwanja Tanga, nenda ukakione mvua ikinyesha

Toka lile bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda lianze kujengwa kuja Chongoleani, madalali wa viwanja Tanga wamekuwa wengi kuliko wauza kahawa. Mashamba ya minazi na mihogo huko pembezoni yanakatwa vipande, leo kuna mnazi kesho kuna tofali. Mie nimeshanunua mara mbili, mara ya kwanza nikaumia, kwa hiyo haya nayoandika nimeyalipia.

Kwanza elewa unanunua nini. Dalali atakwambia 20 kwa 20, ila wewe unanunua vitu vitatu: hizo hatua 20, barabara ya kufikia hapo, na njia ya maji kutoka hapo. Angalia Ngamiani, barabara zina namba na zimenyooka, ukimwambia wa bajaji nipeleke barabara ya nane anakushusha mlangoni bila kuuliza mtu, gari la taka linapita, fundi bomba anajua achimbe wapi, hata baiskeli zetu zile zinateleza tu. Kule mji ulichorwa kwanza ndo watu wakajenga. Huku pembeni tunajenga kwanza alafu tunaanza kutafuta barabara ipite wapi, na wala tusiisingizie serikali kila siku, kila mtu anasogeza ukuta wake hatua moja tu, moja tu, mpaka njia ya gari inakuwa ya mbuzi.

Sasa nenda kakague, bila dalali, na uende masika. Mie nilienda Januari, jua kali, pakavu, upepo wa bahari unapuliza, nikajiona nimepata pepo. Aprili ilipofika nakuta maji yanaingia kona ya juu yanatokea kona ya chini kama vile yana hati kunishinda mie. Aliyeniuzia simu hapokei. Nikamwaga kifusi lori nne, maji yakahamia kwa jirani, tukanuniana mwaka mzima. Waja leo warudi leo ni wageni wa Tanga, maji hayamo kwenye huo usemi.

Na sio uchawi. Palipokuwa shamba udongo ulikuwa unakunywa mvua, ukiweka mabati na sakafu na pevingi uani maji hayana pa kuzama, yote yanakimbilia bondeni kwa pamoja, kwa hiyo kiwanja ambacho babu wa hapo anaapa hakijawahi kujaa maji kinaweza kujaa mwakani nyumba zikiongezeka huko juu.

Kama masika imepita, soma alama. Angalia kuta za majirani kama zina mstari wa tope, angalia milango kama imejengewa kizingiti kirefu (hakuna mtu anajenga kizingiti cha magotini kwa urembo), angalia matete. Na kama uko upande wa mikoko ukaona mashimo ya kaa kwenye kiwanja, panda baiskeli urudi nyumbani, usiulize hata bei. Sheria ya mazingira ya 2004 yenyewe inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ufukweni na kingo za mto, na kaa wanaijua kuliko madalali.

Alafu pima barabara. Chukua kamba, pima pale penye wembamba kuliko pote, sio mbele ya kiwanja ambapo dalali amefyeka vizuri. Jiulize gari la zimamoto linapita? Gari la kunyonya choo je, maana hilo utalihitaji tu, shimo likijaa huwezi kulibeba kwa ndoo. Na jeneza litatoka bila kuinamishwa? Samahani kwa swali ila wazee wetu ndo walikuwa wanauliza hivyo. Kama ni kando ya barabara kuu, hesabu mita 30 toka katikati ya barabara, hiyo ni hifadhi kwa sheria ya barabara ya 2007, ukijenga humo siku ya kuweka alama ya X ya kubomoa usilie.

Ofisi ya ardhi ya jiji watu wanaiogopa bure. Nenda na namba ya kiwanja, au ukiwa huna basi jina la mtaa na alama za bikoni (vile vinguzo vya mpaka vinavyowekwa na wapima ardhi), omba uone mchoro wa mipango miji, uliza hapa pamepangiwa nini. Unaweza kukuta unauziwa uwanja wa shule, au soko, au sehemu ya wazi. Kikiwa na hati, fanya upekuzi kwa msajili wa hati ujue jina liko la nani na kama kuna benki imekishikilia, na angalia hati ni ya miaka 33, 66 au 99 na imebaki mingapi. Mwenyekiti wa mtaa na majirani ni mashahidi wazuri, ila muhuri wa mwenyekiti sio upimaji.

Maji na umeme usikubali neno "yapo karibu". Tembea mwenyewe mpaka kwenye bomba na nguzo, hesabu hatua. Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, mwaka 2024 waliuza hatifungani ya kijani (yaani walikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira) ya shilingi bilioni 53.12 kupanua huduma ya maji, ni pesa nyingi, ila bomba linalolazwa kufuata nyumba moja moja zilizotawanyika porini linakula hela kuliko la mtaa uliobanana, na wewe wa mwisho utasubiri.

Ukishanunua, rudisha ukuta ndani mita moja hata kama wenzio hawajarudisha. Maji ya bati yaelekeze kwenye tenki au shimo la kokoto na sio kwa jirani.

Mie na yule jirani tulipatana, tukachimba mtaro mmoja kati yetu mpaka bondeni, gharama nusu kwa nusu. Kila mwaka Februari mwishoni tunauzibua, mwaka huu tumetoa humo tairi la bajaji na godoro zima.