Pima Fremu Kwanza, Kadi Baadaye: Mwongozo wa Fundi wa Tanga

Kijana mmoja wa Chumbageni aliniletea kompyuta yake hapa Ngamiani akiwa tayari amekusanya fedha za kununua kadi mpya ya michoro. "Fundi," aliniambia, "gemu inakwamakwama kama gari lenye plagi mbovu." Nilimwomba anipe saa moja kabla hajaenda dukani. Tulipopima, wastani ulikuwa fremu 72 (yaani picha 72 zinazochorwa) kwa sekunde, idadi ambayo wengi wangeiona ya kuridhisha, lakini kadi yake ya GTX 1650 ilikuwa ikitumika kwa asilimia 60 tu. Kadi aliyotaka kuiondoa ilikuwa imekaa ikisubiri kazi. Hatua ninazozieleza hapa ni zile nilizozipitia naye, na zinamfaa yeyote mwenye kompyuta ya Windows na kadi ya NVIDIA au AMD, hata kama ni ya miaka mingi.

Hatua ya 1: Kagua waya na skrini

Tazama nyuma ya kasha la kompyuta. Matundu ya skrini yaliyo karibu na matundu ya USB ni ya bodi mama, na yale yaliyo chini yake, ambayo kwa kawaida yamelala, ni ya kadi ya michoro. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi. Ninaona aibu kidogo kuliandika jambo dogo kama hili, lakini nimekwisha kupokea mashine ambayo mwenyewe alicheza miezi kadhaa kwa michoro ya prosesa huku kadi yake ikiwa haina kazi.

Kisha fungua mipangilio ya skrini katika Windows, uingie sehemu ya mipangilio ya ziada, uhakikishe kwamba skrini imewekwa kwenye hezi zake halisi, yaani idadi ya mara inavyoonyesha picha upya kwa sekunde. Skrini ya hezi 144 inaweza kubaki kwenye 60 bila mwenye mashine kujua. Mwenye kompyuta mpakato aichomeke chaja, kwa kuwa mashine hizo hupunguza nguvu zikitumia betri.

Hatua ya 2: Pima muda wa fremu, si wastani peke yake

Pakua programu ya MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayoambatana nayo, uiamuru ionyeshe juu ya gemu mambo haya: matumizi ya kadi kwa asilimia, joto lake, kasi yake kwa megahezi, kumbukumbu ya kadi iliyotumika, na muda wa kila fremu kwa milisekunde. Ndani ya gemu, zima V-Sync (mpangilio unaozifunga fremu zifuate hezi za skrini) na kikomo chochote cha fremu, la sivyo utakuwa unapima kikomo ulichokiweka mwenyewe.

Chagua sehemu moja ya gemu yenye purukushani, upite njia ileile kwa dakika tatu, urudie mara tatu. Matokeo ya mara ya kwanza mimi huyatupa, kwa sababu gemu huwa bado inapakia vitu vyake.

Hapa pana jambo linalowapoteza wengi, nami nitalikalia kidogo. Ukigawa milisekunde 1,000 kwa fremu 60, kila fremu inapata milisekunde 16.7, kwa fremu 30 ni 33.3, na kwa fremu 144 ni 6.9. Sasa chukua sekunde moja ambayo ndani yake fremu 59 zimetoka kwa milisekunde 10 kila moja, kisha fremu moja ikachukua milisekunde 410. Jumla ni milisekunde 1,000 kamili na fremu ni 60, kwa hiyo kipimo cha wastani kitakuambia kwamba mambo ni shwari, ilhali jicho lako limeona picha ikiganda kwa karibu nusu sekunde, na adui amekwisha kukupiga risasi. Ndiyo maana tunaangalia pia "asilimia 1 ya chini", yaani kasi inayohesabiwa kutokana na fremu zilizochelewa kuliko zote. Kwa yule kijana, wastani ulikuwa 72 na asilimia 1 ya chini ilikuwa 24. Pengo hilo ndilo ugonjwa aliouhisi bila kujua jina lake.

Hatua ya 3: Tafuta anayemchelewesha mwenzake

Prosesa hutayarisha kazi ya kila fremu, na kadi huichora. Mmoja akichelewa, mwingine hungoja. Shusha resolusheni kutoka 1920×1080 hadi 1280×720, upime tena njia ileile. Pikseli zimeshuka kutoka 2,073,600 hadi 921,600, kwa hiyo mzigo wa kadi umepungua kwa zaidi ya nusu, huku ule wa prosesa ukibaki karibu ulivyokuwa. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa ikikwamisha. Zikibaki palepale, kadi haina kosa.

Usidanganywe na asilimia ya jumla ya matumizi ya prosesa. Katika prosesa yenye nyuzi nane (yaani njia nane za kufanyia kazi kwa wakati mmoja), uzi mmoja ukizidiwa kabisa unahesabika kama asilimia 12.5 tu ya jumla, na gemu nyingi huutegemea mno uzi mmoja.

Kwa kijana wetu, kushusha resolusheni kulimpandisha kutoka fremu 72 hadi 74. Nilipofungua kasha nilikuta kipande kimoja cha ramu cha GB 8, ambacho kilikuwa kimejaa kwa sababu alizoea kuacha kivinjari wazi na kurasa zake zote. Tuliongeza kipande cha pili kinacholingana nacho, tukakichomeka kwenye tundu linaloviwezesha vyote viwili kufanya kazi sambamba. Wastani ulifika 81, na asilimia 1 ya chini ikafika 55. Kadi ni ileile.

Hatua ya 4: Joto la Tanga

Dakika tatu hazitoshi kupima joto. Cheza kwa nusu saa huku ukitazama joto na megahezi kwa pamoja. Kadi ikikaribia kikomo chake, ambacho kwa nyingi za NVIDIA za miaka ya 2016 hadi 2019 ni nyuzi joto 83 hivi, hujipunguzia kasi ili ijilinde, na utaona megahezi zikishuka taratibu pamoja na fremu. Msimu wa kaskazi, katika chumba chenye bati bila dari, hali hiyo ni ya kawaida kabisa.

Vumbi la mji wetu lina tabia yake. Unyevu wa baharini hulishikamanisha, hata ukitoa feni ya kadi unakuta mapezi ya chuma yamefunikwa na utando mzito wa kijivu unaobanduka kama kipande cha blanketi. Zima mashine, chomoa umeme, ondoa vumbi kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, na uishike feni kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza, maana ikizungushwa kwa kasi huharibika. Kadi iliyotumika miaka mingi ibadilishiwe pia pesti ya kupitisha joto.

Ukitaka kujua kama tatizo ni kasha lenyewe, fungua ubavu wake urudie kipimo. Joto likishuka sana, hewa ilikuwa haipiti. Na kama skrini yako ni ya hezi 60, weka kikomo cha fremu 60 ukishamaliza kupima, kwa sababu fremu za ziada hazionekani zote, ingawa zote zinakula umeme na kupasha chumba.

Hatua ya 5: Ikiwa kadi kweli ndiyo inayokwamisha

Kadi inayotumika kwa asilimia 95 na zaidi muda wote imefika mwisho wa uwezo wake. Anza kwa kushusha vivuli, ukungu na uakisi, ambavyo huilemea sana. Ubora wa nyuso za vitu uuache juu maadamu kumbukumbu ya kadi haijajaa. Ikijaa, kukwamakwama hurudi hata kwa kadi yenye nguvu. FSR ya AMD, mbinu ya kuchora picha kwa pikseli chache kisha kuikuza, iliyotoka mwaka 2021, husaidia hata kadi za zamani za NVIDIA, ijapokuwa kwenye skrini ya 1080 mimi siipendi kupita kiwango chake cha juu cha ubora, kwa sababu picha hufifia.

Ukiamua kununua, soma kwanza kibandiko cha pawa saplai. Tundu la bodi mama hutoa wati 75, nazo zinaitosha GTX 1650 ya kawaida, lakini RX 580 ya wati 185 huhitaji waya wake wa umeme, ambao kompyuta nyingi za ofisini zilizotumika hazina. Jihadhari pia na RX 6500 XT kwenye bodi mama ya PCIe 3.0 (toleo la zamani la tundu la kadi), kwa kuwa kadi hiyo hutumia njia nne tu za data na hupoteza sehemu ya kasi yake humo.

Kadi iliyotumika ijaribiwe hapohapo dukani, kwa gemu yako na kwa nusu saa, huku daftari lenye vipimo vyako vya awali likiwa mkononi. Muuzaji akisema hana muda wa kuiwasha, mimi huaga na kuondoka.