Kabla ya vitafunio, kumbuka mlo uliopita
Umekula muda si mrefu, na mkono tayari unatafuta vitafunio? Ngoja kidogo. Kumbuka mlo wako wa mwisho: ulikaa wapi, sahani ilikuwa na nini, tonge la mwisho lilikuwa na ladha gani. Mwaka 1998, mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake waliwapa chakula cha mchana wagonjwa wawili waliopoteza kumbukumbu. Dakika 10 hadi 30 baadaye wakaletewa kingine, wakala tena kana kwamba hawajatia kitu kinywani! Shibe haikai tumboni tu, inakaa kichwani pia. Ndiyo maana nasisitiza simu iwekwe mbali wakati wa kula, ili mlo ukumbukwe vizuri. Ila ukiona njaa ni ya kweli, kula, tafadhali usijinyime.