SOMO: Unaidai kampuni na miaka inakatika? Soma mizania yake (taarifa ya mali na madeni yake)

Wakuu, somo hili ni la wanaotoa mzigo kwa mali kauli, hasa sisi wa Mwanza tunaopelekea kampuni za samaki nyavu, barafu na vipuri.

Hatua ya 1: jua siku deni lilipoiva. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inakupa miaka 6 ya kufungua kesi kwa deni la mkataba, kuanzia siku uliyotakiwa kulipwa, si siku uliyoshusha mzigo. Ukichelewa, kifungu cha 3 kinataka kesi itupwe hata kama mdaiwa hakuigusa hoja hiyo.

Hatua ya 2: tafuta kukiri. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini, au akilipa sehemu, miaka 6 inaanza upya. Kampuni haina mkono wa kusaini, wanasaini wakurugenzi. Ndiyo maana mahakama ya Uingereza, katika shauri la Gee & Co (Woolwich), ilikubali kwamba mizania iliyosainiwa nao inatosha. Mahakama ya Juu ya India ilifuata njia hiyo Aprili 2021, ikaongeza kwamba maelezo yaliyo chini ya hesabu yasomwe pia, maana huenda deni limeandikwa lakini chini linapingwa. Hoja kwamba hesabu huandaliwa kwa kulazimishwa na sheria ilikataliwa: sheria inalazimisha kuandaa, hailazimishi kukiri deni fulani. Hukumu hizi hazimfungi jaji wa Mwanza, zinamshawishi tu.

Hatua ya 3: pata nakala ya hesabu kwenye jalada la kampuni BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni. Wengi hukwama hapa. Mizania huandika jumla tu, "wadai wa biashara", jina lako halipo. Utahitaji leja (daftari la hesabu za kampuni) au orodha ya wadai ya kuunganisha jumla ile na ankara zako. Mimi nisingeitegemea peke yake. Kila mwaka wakaguzi wanapofunga hesabu, omba barua ya kuthibitisha salio, yenye jina lako, kiasi na saini ya mhusika wa kampuni. Karatasi moja hiyo, kazi imeisha.

MASWALI

Mwanachama, Igoma: Mkuu, mizania ni ya 31 Desemba lakini imesainiwa Juni. Nihesabu lini?
Jibu: Hesabu toka Desemba. Ukigombania miezi hiyo 6 mahakamani, ujue umeshachelewa.

Mwanachama, Kirumba: Walinitumia laki mbili kwa simu, deni ni milioni 9.
Jibu: Ni malipo ya sehemu, mradi uonyeshe yalikuwa ya deni hilo. Chapisha muamala.

Mwanachama, Ilemela: Mimi ni mkurugenzi na naidai kampuni yetu. Nikisaini mizania?
Jibu: Hapana kaka, huwezi kujikiria deni mwenyewe. Wasaini wenzako, na wanahisa wote waridhie kwa maandishi.

Mwanachama, Sengerema: Miaka 6 imepita, hakuna barua wala malipo.
Jibu: Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ukomo kinampa Waziri wa sheria uwezo wa kuongeza muda, usiozidi nusu ya ule wa awali. Muone wakili wiki hii.