Kufunga kalipa ya nyuma kutoka pikipiki ya aina nyingine

Kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya breki, ikishaliwa na kutu na sili zake (mipira ya kuzuia mafuta) hazipatikani dukani, kuchukua ya pikipiki nyingine ni njia nzuri. Lakini bolti kuingia tu haitoshi. Diski ya nyuma ya TVS Apache RTR 180 ina kipenyo cha mm 200, ya Bajaj Pulsar NS200 ina mm 230. Kwa hiyo kalipa ya NS200 hukaa mm 15 mbali zaidi na ekseli. Ukiifunga ilivyo kwenye diski ya 200, pedi zitaning'inia nje ya diski.

1. Pima kabla ya kununua. Chukua venia (kipimo cha milimita) upime kipenyo cha diski na unene wake, ekseli, pistoni ya masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) na pistoni ya kalipa. Kiwango cha chini cha unene wa diski kwa kawaida kimechongwa kwenye diski yenyewe. Ikishafika hapo, nunua nyingine kwanza.

Pistoni ndizo wengi husahau. Tuseme masta ni mm 12.7 na kalipa ya zamani ilikuwa na pistoni moja ya mm 27. Ukiweka ya mm 32, nguvu ya kubana inaongezeka kwa takriban asilimia 40 (32 × 32 ukigawa kwa 27 × 27), na pedali nayo itazama zaidi kwa kiasi hichohicho. Gurudumu la nyuma litajifunga upesi barabara ikiwa na maji. Ukiweka ndogo, pedali inakuwa ngumu kama jiwe na breki haishiki. Kaa karibu na kipimo cha zamani, au badilisha masta pia.

2. Breketi. Nunua kalipa pamoja na breketi yake, yaani kishikio kinachoifunga kwenye ekseli. Tundu la ekseli likiwa kubwa, kereza bushi ya chuma iingie kwa kubana. Usijaze nafasi kwa vipande vya bati. Breketi ikiwa nene kwa mm 3 kuliko ya zamani, punguza mm 3 kwenye spesa (bomba fupi la kutenganisha kwenye ekseli) ya upande huohuo, la sivyo gurudumu litahama na mnyororo utakwenda upande.

Breketi lazima ishikwe na mkono wa nyuma wa pikipiki (ule unaobeba gurudumu), kwa pini au kwa fimbo ya kuzuia. Bila hivyo, siku ya kwanza ukikanyaga, kalipa itazunguka na gurudumu na kukata hozi (bomba la mafuta ya breki). Kizuizi hicho kiruhusu breketi kusogea mbele na nyuma unapokaza mnyororo. Usichomelee breketi ya aluminiamu. Tengeneza sahani ya chuma ya mm 8 hadi 10.

3. Weka katikati. Funga bila pedi, zungusha gurudumu, hakikisha diski inapita katikati ya breketi. Kisha weka pedi: ukingo wake wa juu uwe sawa na ukingo wa diski. Paka pini za kutelezea grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira na kalipa inaganda.

4. Hozi. Angalia uzi wa bolti ya hozi. Kalipa nyingi za Kijapani ni M10 × 1.25, Brembo nyingi ni M10 × 1.0. Zinaanza kuingia vizuri, halafu uzi unaharibika. Weka washa mpya za shaba pande zote mbili za jicho la hozi. Bonyeza shoka absoba hadi chini uone hozi haivutiki wala haigusi tairi.

5. Toa upepo. Nipeli (skrubu ya kutolea upepo) lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa. Kama kalipa ilikuwa chini ya mkono wa nyuma na sasa iko juu, nipeli huenda imeangalia chini. Hapo utapampu hadi jioni na pedali itabaki laini. Ifungue kalipa, ishike nipeli ikitazama juu, weka kipande cha mbao chenye unene wa diski kati ya pedi, toa upepo, kisha irudishe. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4, kamwe usichanganye na DOT 5 ya silikoni. Mafuta hayo yakimwagikia rangi ya pikipiki, osha kwa maji mara moja.

6. Uchezo wa pedali. Acha nafasi ndogo kabla fimbo ya pedali haijasukuma pistoni ya masta. Isipokuwepo, tundu la kurudisha mafuta kwenye kikombe chake linabaki limezibwa, mafuta yakipata moto yanatanuka, na breki inajibana yenyewe njiani.

Jaribu kwanza mahali pasipo na magari, kwa mwendo mdogo. Baada ya kilomita chache bila kukanyaga breki ya nyuma, simama, sogeza kiganja karibu na diski bila kuigusa. Ikiwa inatoa joto kali, rudi hatua ya 3 na ya 6. Kaza tena bolti zote kabla ya kubeba abiria.