Kupokea taarifa ya mnyama anayeteswa na kukusanya ushahidi utakaosimama mahakamani

Kabla hujatoka ofisini, muulize mtoa taarifa mpaka upate picha kamili. "Jirani anamtesa mbwa wake" haitoshi. Ameona kwa macho au amesikia kelele? Lini, akiwa amesimama wapi, na nani mwingine alikuwepo? Usimwahidi kwamba jina lake halitajulikana kamwe, maana kesi ikifika mahakamani anaweza kuitwa shahidi.

Ukifika, jitambulishe na uombe kuingia. Ukikataliwa na huna hati ya upekuzi, baki nje. Inauma, lakini ushahidi wa kuruka ukuta unaweza kukataliwa na hakimu, na mnyama akarudishwa kulekule.

Ukiruhusiwa, tumia macho kabla ya mikono. Piga picha ya eneo zima kwanza: banda, mnyororo, kinyesi, kivuli kama kipo. Bakuli la maji lipige picha kabla hujalijaza. Najua moyo unavyowaka ukimwona mbwa analamba bakuli kavu, lakini picha ni jambo la sekunde chache. Ukishamimina maji, wakili atauliza nani alishuhudia kwamba halikuwa na kitu. Kisha msogelee mnyama: picha ya mwili mzima pande zote, ndipo kila kidonda peke yake, rula ikiwa pembeni.

Mkanda uliozama shingoni usiung'oe. Daktari wa mifugo ndiye atakayeutoa, na wenyewe utunzwe kama kielelezo. Kwato nazo hueleza muda. Za farasi hukua milimita 6 hadi 10 hivi kwa mwezi, kwa hiyo zikiwa zimerefuka hadi kupinda, huo si uzembe wa wiki iliyopita.

Daftarini andika unachokiona, usiandike hukumu yako. "Mbwa ana njaa" ni maoni. Andika: mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga vinaonekana kwa mbali, misuli ya mapaja imekwisha, alama ya hali ya mwili 1 kati ya 9 (1 ni aliyekonda kabisa, 9 ni aliyenenepa kupita kiasi). Bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachie. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, damu haizunguki vizuri. Kipimo cha kuvuta ngozi usikitegemee peke yake kwa mnyama aliyekonda sana, kwa sababu ngozi yake huchelewa kurudi hata kama hajaishiwa maji.

Mwenye mnyama mwache aseme. Muulize, "Mara ya mwisho alikula nini, na lini?" kisha uandike maneno yake kama alivyoyatamka. Wengine wamezidiwa na maradhi au ufukara, na hao wanahitaji msaada. Watazame pia watoto na wazee waliomo humo. Mara nyingi anayepiga mnyama hapigi mnyama peke yake.

Ukimchukua mnyama aliyeshinda na njaa kwa muda mrefu, usimjazie chakula. Chakula kingi cha ghafla huvuruga madini katika damu na kinaweza kusimamisha moyo. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kwa mpango wa daktari.

Mpime uzito siku hiyohiyo, kisha kila wiki kwenye mizani ileile, na uweke rekodi ya alichokula. Daktari asipomkuta na ugonjwa, naye akanenepa kwa chakula tu, mshtakiwa atapata shida kudai kwamba maradhi ndiyo yaliyomkondesha.