Kupiga hema na pikipiki wakati wa kipupwe: tazama upepo kwanza

Wengi wakipanga safari ya Juni mpaka Agosti huchagua pwani kwa uzuri wa picha. Mimi nasema anza na upepo. Miezi hiyo ni ya kusi, upepo unaotoka kusini, na pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, inapigwa moja kwa moja. Wanaoteleza baharini kwa tiara wanafurahi. Wewe mwenye hema utalala umeshikilia kamba.

Kwa hiyo vuka uende Pemba. Ukitoka Konde ukapenya msitu wa Ngezi (nenda taratibu, kivuli kinaficha mashimo), unafika rasi ya Kigomasha. Ufukwe wa Vumawimbi uko upande wa mashariki, mzuri kweli lakini wazi kwa upepo. Verani iko magharibi, rasi yenyewe inaikinga. Kwa kipupwe, chagua Verani.

Petroli jaza Wete au Chake, usitegemee chupa za njiani. Ukifika, mtafute sheha (kiongozi wa eneo) kabla ya kufungua mzigo, umweleze utalala wapi. Ni adabu, na usiku watu hawatakushangaa.

Hema liweke juu ya mstari wa mwani mkavu, hasa mwezi mpevu au mwandamo, maana bamvua, yaani maji makuu ya kujaa, hupanda sana. Usilale chini ya mnazi. Na stendi ya pikipiki iwekee kipande cha ubao chini, la sivyo mchanga utaimeza na asubuhi utaikuta imelala ubavu.