Kumsajili mzee Pensheni Jamii: anza na umri kabla ya fomu

Hapa Wete, Pemba, hazipiti siku nyingi sijaulizwa: "Mama katimiza sabini, nimpeleke wapi?" Nimeshawasindikiza wazee wengi wa shehia yetu, na wengi wao walikwama kwenye jambo moja: umri ulioandikwa kwenye kitambulisho. Nitalikalia hilo.

Ila kwanza uijue haki yenyewe. Pensheni Jamii ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) ilianza Aprili 2016 kwa wakaazi wa Unguja na Pemba waliofikia miaka 70. Ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na katika uongozi wa Rais Hussein Mwinyi ikapandishwa hadi 50,000. Haipimi umasikini. Mwenye mikarafuu yake anaipata, na mjane asiye na kitu anaipata. Usiichanganye na ruzuku ya TASAF, mfuko wa kusaidia kaya masikini, ambako kaya huangaliwa hali yake. Nasema hivi kwa sababu wako wazee wanaoona haya: "Mjukuu wangu, mimi sijafika kuomba." Mwambie hajaomba, huu ni umri wake.

Hatua ya 1: Soma kitambulisho mukiwa bado nyumbani

Toa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, usome majina yote matatu na tarehe ya kuzaliwa. Kama kuna cheti cha kuzaliwa, viweke pamoja. Jina likiwa Mwanaasha huku na Asha kule, ni safari mbili tatu za bure kwa mtu mwenye magoti mabovu.

Hatua ya 2: Tafuta umri wa kweli

Hapa ndipo penye kazi. Wazee wengi walizaliwa nyumbani kwa mkunga, na tarehe iliyomo kwenye kitambulisho ilikisiwa tu. Usimuulize ana miaka mingapi. Muulize anakumbuka nini.

Bibi mmoja kitambulisho chake kilisema kazaliwa 1961. Nikakaa naye barazani, nikamuuliza: "Sayyid Khalifa alipokufa, bibi, ulikuwa wapi?" Akajibu papo hapo: "Chuoni kwa maalimu, nasoma Kurani. Tulifunguliwa mapema, nikarudi na mdogo wangu nimemshika mkono." Sayyid Khalifa, Sultani wa Zanzibar, alifariki Oktoba 1960. Mtoto aliyekwishaanza chuo, tena ana mdogo anayetembea, hawezi kuwa amezaliwa mwaka uliofuata. Kwa tarehe ile angeisubiri pensheni miaka kadhaa baada ya kuistahiki.

Endelea na alama nyengine: Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta ana umri gani, aliolewa lini, mtoto wa kwanza kazaliwa mwaka gani. Andika kila jibu. Tafuta cheti cha ndugu anayemfuata au cha mwanawe mkubwa, na wazee wenzake wanaoweza kumshuhudia. Kisha nendeni ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii mukaombe marekebisho. Ikiwa hesabu inaonesha ana 66, basi ana 66. Usimuongezee hata mwaka mmoja. Uwongo wako utamwangukia yeye.

Hatua ya 3: Kwa Sheha

Sheha, kiongozi wa shehia, ndiye anayejua nani anaishi wapi. Mpelekee kitambulisho na nakala yake, umuulize maofisa wa ustawi wa jamii wanaandikisha na kuhakiki lini. Mzee aliyelala kitandani atajwe siku hiyo hiyo, pamoja na mtu anayemtaka yeye mwenyewe ampokelee. Muulize mzee faragha, watoto wake wakiwa hawapo. Nimeona mzee akimtaja jirani, na alikuwa na sababu yake.

Hatua ya 4: Siku ya malipo

Nenda naye, beba maji na kitambulisho cha asili. Fedha zihesabiwe mikononi mwake, yeye ndiye aseme zinunue nini.

Akihamia kwa mwanawe shehia nyengine, mjulishe Sheha wa kule na wa huku. Akifariki, toa taarifa ndani ya siku chache na kifo kisajiliwe. Malipo yanayochukuliwa kwa jina la marehemu huiingiza familia yake matatani.